Chupa ya Sita ya Dada Mize

Bismillahi Rahmani Rahim. Sheikh wetu, wazee wangu, ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na akina mama mlioko upande wa pili wa pazia, ambao siwaoni lakini nimeambiwa spika yenu inasikika, Assalaam alaykum. Mimi naitwa Ishaka Makungu, ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya dada yetu Bi Mize binti Makungu kabla hatujaenda kumzika. Karatasi hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo makosa ya maandishi ni yangu, na makosa mengine mtakayoyasikia humu ni yangu vilevile. Wapo walionishauri nisome ya kuzaliwa, ya shule na ya ndoa, kisha nikae chini. Naomba mnivumilie nisome yote, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza isomwe yote, na sababu mtaijua nikifika huko.

Dada Mize alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1966, mjini Pangani, mkoa wa Tanga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Mzee Makungu Mwinjuma, aliyekuwa mnyapara katika shamba la mkonge, na marehemu Bi Nunu Saido. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, mdogo kama mkate wa boflo, mama alikuwa akisema hivyo, na bibi yetu alimfunga kifuani kwake kwa kanga siku arobaini ili apate joto, akaishi. Tangu hapo mpaka siku ya mwisho dada yangu alikuwa mtu wa baridi, hata Pangani kwenye jua kali miguu yake ilikuwa ya baridi, na watoto tukigombania mkeka tulikuwa tunakwepa kulala upande wa miguu yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Pangani kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akamaliza darasa la saba, na madrasa alihitimu msahafu mwaka 1979. Shule yake nyingine ilikuwa jikoni kwa bibi, ambaye alikuwa mkunga, na huko alijifunza kutengeneza majuni, ile dawa ya kupasha mwili wanayolamba wazazi, yaani tangawizi kavu, mdalasini, pilipili manga, habasoda na mzizi wa khulinjani, vyote vikatwangwa, vikachekechwa, vikachanganywa na asali mbichi, vikavundikwa siku tatu. Majuni hayachemshwi. Bibi alikuwa akisema mzizi ukiupeleka motoni nguvu yake inaondoka na mvuke, ukitaka joto ule mzizi wenyewe. Hilo la kutochemsha naomba mlishike, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa mhudumu katika wodi ya wazazi mjini Tanga, na tarehe 22 Desemba 1991 alifunga ndoa na marehemu shemeji Yasir, fundi wa majokofu, na mimi nikiwa kijana nilimtania kwamba mtu anayeogopa baridi ameolewa na mwenye kazi ya kuitengeneza. Walijaliwa watoto wawili, Asmahan, aliyezaliwa Tanga tarehe 2 Machi 1993, na Saido, aliyezaliwa hapa Birmingham tarehe 19 Agosti 2003. Shemeji alitangulia kuja huku mwaka 1998, dada na Asmahan wakamfuata tarehe 3 Februari 2001, wakakaa Newtown ghorofa ya nane, na aliniambia kwamba asubuhi ya kwanza alichungulia dirishani, akaona watu wanatoa moshi mdomoni, akamwuliza mumewe, "Hawa wote wanavuta sigara?" Mwaka 2007 walihamia Bordesley Green, na shemeji alifariki huko tarehe 6 Juni 2012 kwa ugonjwa wa sukari, Mungu amrehemu.

Kazi za dada hapa mjini zilikuwa mbili, kwanza jikoni katika shule ya msingi kuanzia mwaka 2002 hadi 2010, kisha kuwahudumia wazee majumbani huko Edgbaston hadi wiki ya kufariki kwake. Lakini wengi wenu hamkumjua kwa kazi hizo. Mlimjua kwa sababu mlijifungua, na siku ya tatu mlango ukagongwa, akaingia na mkanda wa kufunga tumbo, chupa ya chai yenye uji wa pilipili manga, na majuni, akafunga dirisha lililoachwa wazi, akamfukuza mume chumbani. Alikwenda kwa Mtanzania na kwa Mkenya, na wenzetu wa Kongo walimpa jina la Mama Moto. Wako vijana humu ukumbini waliopata maziwa ya mama kwa mkono wake na sasa wana ndevu. Jirani yetu Mama Kamla, mzaliwa wa Kisumu, ambaye yupo hapa leo, alilamba kijiko kimoja mwaka juzi akamwambia, "Mize, hii kitu yako inaweza washa gari asubuhi," na dada alicheka mpaka akakaa chini.

Na walikuwepo waliomwendea kwa jambo jingine. Wanawake waliochelewa kupata mtoto walimjia kwa siri, kwa sababu aliamini, kama bibi, kwamba tumbo lenye baridi halishiki, likipata joto linashika. Mimi sijui kama ni kweli. Najua kwamba aliwatunzia siri zao, hata mimi niliyekaa nyumba moja naye tangu mwaka 2009 sikuwahi kutajiwa jina hata moja.

Sasa nafika kwenye ugonjwa wake, na hapa nitasoma polepole.

Mimi ninafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Dada alikuwa akinitania, "Ishaka, iko siku utarudi humu ndani umekuwa samaki." Mwaka jana mwezi wa kumi na moja magoti na kiuno vilinikaza sana, na mwenzangu mmoja kazini akanipeleka kwa mzee mmoja Mchina, mganga wa dawa za kwao, mtu mpole na mwangalifu, ambaye hana kosa lolote katika haya ninayoyasoma. Alinishika mkono akasikiliza mapigo, akaniangalia ulimi, akauliza maswali mengi, mwisho akanipimia vipande vyembamba vya mzizi mweusi, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, katika pakiti saba. Wao wanauita fuzi. Alisema ndio mzizi wenye joto kuliko yote, unarudisha moto kwa mtu aliyepoa mpaka mifupani, lakini mbichi ni sumu, na hata huu uliokwisha kutengenezwa lazima uchemshwe peke yake kwanza, masaa mawili kamili. Alinionyesha kwenye saa ya ukutani, mshale hapa, mpaka hapa. Akasema ukishachemka, gusa maji yake kwa ncha ya ulimi, ulimi ukifa ganzi, chemsha tena. Kisha akanipa karatasi yenye maelezo hayo kwa Kiingereza.

Nilielewa. Sitaki mtu yeyote atoke hapa akisema Ishaka hakuelewa, maana ni mimi niliyewaacha watu wa nyumbani waseme hivyo kwa wiki mbili. Nilielewa vizuri, nikafika nyumbani, nikaona masaa mawili ya kusimama jikoni baada ya zamu ni mengi, nikaziweka pakiti kabatini, na karatasi nikaitupa, kwa sababu kusoma Kiingereza kunanipa tabu na sikutaka Saido anikute nahangaika nayo.

Jumamosi ya tarehe 11 Januari dada alikuwa anatengeneza majuni ya msimu wa baridi, khulinjani ikamwishia, mzigo wa Tanga ulikuwa haujafika. Nikamletea pakiti zangu saba. Nikamwambia, "Huu wa Wachina unapasha kuliko khulinjani." Akaugeuza mkononi, akaunusa, akaniuliza, "Wanautumiaje?" Nikamjibu, "Wewe ndiye mjuzi wa mizizi, utaniuliza mimi?"

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kazini, tena niliona aibu kumfundisha dada yangu kitu cha jikoni, kwetu hakuna aliyewahi kumfundisha. Nikavaa koti nikatoka, na nyuma yangu nikasikia kinu kinaanza.

Alijaza chupa saba za jamu, moja yake na sita za watu, akafunga kila kifuniko kwa utepe alioupasua kwenye kanga yake kuukuu, ya kijani yenye mauamaua meusi. Jumapili ya tarehe 12, baada ya darsa la akina mama, aligawa zote sita, kwa mkono, bila kuandika mahali. Aliwaambia wasifungue kabla ya siku tatu, dawa ivundike, na kwa sharti hilo la bibi Mungu aliwakinga watu. Yeye alikuwa na desturi ya kufunga Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu ya tarehe 13, adhana ya Magharibi, kama saa kumi na nusu jioni, alikula tende, kisha akafungua chupa yake kuonja, kama anavyoonja mpishi, vijiko viwili. Saido alikuwepo. Amenieleza kwamba mama yake alitabasamu akasema, "Inawasha ulimi, hii ina nguvu kweli," akaenda kuswali.

Hakuimaliza swala yake. Saido alimkuta amekaa juu ya msala, anasugua midomo, anasema haisikii, kisha vidole havisikii, kisha akatapika, na moyo wake, kwa maneno ya kijana mwenyewe, ulikuwa unakimbia halafu unasahau kukimbia. Saido akapiga simu, akamwambia, "Mama, ambulensi inakuja, usilale." Saa kumi na moja na dakika ishirini walikwisha mchukua, nami nikawakuta hospitali.

Daktari aliniuliza amekula nini. Nikasema tende, na asali ya tangawizi. Akauliza, kuna kitu kingine, mmea wowote, dawa yoyote ya kienyeji? Nikasema hapana. Mara ya pili akaniuliza mbele ya Asmahan, nikasema hapana. Nilikwisha kujua, ndugu zangu. Nilijua tangu niliposikia midomo haisikii, nikaona ile saa ya ukutani ya yule mzee, mshale hapa, mpaka hapa. Niliogopa polisi, niliogopa kurudishwa, niliogopa macho ya watoto wake. Aliponiuliza mara ya tatu kulikuwa kunapambazuka, ndipo nikasema. Daktari hakunigombeza. Baadaye nilimwuliza kama ningesema mapema ingekuwaje, akanijibu kwamba dawa mahsusi ya sumu ile hakuna, wao walikuwa wanaupigania moyo tu, huenda ingesaidia, huenda isingesaidia. Hiyo huenda ndiyo ninayolala nayo.

Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Asubuhi ile niliingia nikamwambia dada yangu ukweli. Akaniuliza, "Ulikuwa wa kuchemshwa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona hukuniambia, Ishaka," taratibu, kama mtu anayeuliza kwa nini hukula. Kisha akashtuka, akataka kuinuka, akasema, "Chupa zangu."

Akanitajia majina matano, moja moja, na mitaa yao. Mama Kamla alinipeleka kwa gari lake, na kabla ya adhuhuri tulikwisha zikusanya zote tano, hazijafunguliwa, kanga zake zimefungwa vilevile. Lakini alipokuwa anataja, aliinua vidole sita. Nikamwambia, dada, na wa sita? Akavishusha vidole. Nikamwambia, dada, mtu atakufa. Akasema, "Yule nimemwapia. Nyumba anayokaa wakijua anatafuta mtoto kwa dawa, watamtoa." Akasema tena, "Hajaanza. Nimemwambia aanze mwezi wa Shaabani ukiandama, alambe asubuhi saba, aingie Ramadhani na heri. Una muda." Nikambembeleza, nikalia, Asmahan akapiga magoti pale kando ya kitanda. Midomo ilikuwa inamwia mizito. Akasema maneno haya, na Asmahan ni shahidi, "Atakuja kunizika. Hawezi kukosa. Wewe utasoma historia yangu, isome yote, kila kitu, atasikia, na hakuna atakayemjua." Kisha akatoa shahada.

Dada Mize alifariki siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ofisi ya serikali inayochunguza vifo ilimweka mpaka jana, ndiyo sababu ya kuchelewa mazishi, na maelezo yangu nimekwisha yaandikisha huko, pamoja na habari ya chupa, nao wakiniita nitaitikia.

Liko kosa moja bado. Tarehe 16 nilituma ujumbe kwenye makundi yetu yote ya simu, mnaukumbuka, ulisema, "Mwenye chupa ya marehemu anaombwa airudishe kwa familia kama kumbukumbu." Kama kumbukumbu. Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa bado najificha, na mtu mwenye siri yake akisoma hivyo ataificha chupa zaidi, tena ataipenda zaidi, maana ni ya mwisho kutoka kwa Mama Moto. Ningeandika neno moja tu, sumu, pengine leo nisingekuwa na hili la kusoma.

Leo ni Alhamisi, tarehe 30 Januari, na Rajabu inaishia leo. Jua likizama ni mwezi wa Shaabani, na kesho ni asubuhi ya kwanza.

Basi nasema na wewe, mama, au dada, au binti, uliyeko nyuma ya pazia hili. Simjui mtu, na sitaki kukujua. Chupa yako ni ndogo, ya jamu, imefungwa utepe wa kanga ya kijani yenye mauamaua meusi. Usiilambe. Hata ncha ya kijiko, hata kwa kuonja kama ni kweli. Ukiigusa ulimini itawasha, kisha ulimi utakufa ganzi, nawe utadhani ndiyo dawa inaanza kazi, marehemu aliyeijua mizizi kwa miaka hamsini alidhani hivyo, akatabasamu. Ule si uzazi unaofunguka. Usiimwage mahali mtoto atafika, usimpe mwingine. Na kama umekwisha ilamba, usingoje kuwashwa na usingoje kumwuliza mtu, piga simu ya ambulensi sasa hivi, useme umekula fuzi ya Wachina, usiseme asali na tangawizi kama nilivyosema mimi.

Asmahan ameweka viatu vya mama yake, vile vya baridi vyenye manyoya ndani, ambavyo wote mnavijua kwa sababu hata mwezi wa saba alivivaa, kwenye rafu ya viatu mlango wa akina mama, safu ya chini kabisa. Wanaume sote tunakwenda makaburini, kwenda na kurudi ni kama masaa mawili. Akina mama mnabaki hapa kusoma khitma, na watu watakuwa wanatoka na kuingia, nani amekwenda nyumbani mara moja, nani ametoka kujibu simu, nimewaomba wote, kwa haki ya marehemu, asiwepo wa kuangalia. Itie chupa ndani ya kiatu, uvae viatu vyako, basi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania dada yetu bila kuchoka, na waliovumilia uongo wangu, nawashukuru wazee wa Edgbaston na waajiri wake waliotuma maua, nawashukuru majirani wa Bordesley Green, na kipekee Mama Kamla na gari lake, nawashukuru akina mama waliomwosha na kumkafini, sheikh na kamati ya msikiti, na nyote mliochanga na kupika. Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja. Asmahan, Saido, nimewaomba radhi nyumbani, nawaomba tena mbele ya watu. Kama kuna mtu ana lolote juu ya marehemu anisamehe mimi kwanza halafu amsamehe yeye, maana alilokosea yeye lilitoka mkononi mwangu.

Historia ya namna hii humalizika kwa neno moja ambalo wote mnalijua, na mmekuwa mkinisubiri nilitamke. Dada yangu, leo tunakuweka kwenye udongo wa baridi, wewe uliyeogopa baridi kuliko kitu chochote, na neno hilo ninalo hapa kwenye karatasi, nimeliandika mstari wa mwisho. Lakini nimekaa nawe miaka kumi na tano, nakujua, hutapumzika kwa sababu mimi nimesema upumzike. Tukitoka makaburini, kabla sijanawa mikono, nitakwenda kwenye rafu ile nitie mkono ndani ya kiatu chako. Nikiikuta, hapo hapo nitausoma mstari huu wa mwisho, ambao sasa siusomi, na wote mtanisikia. Pumzika kwa amani.